Wakala Akihonga, Kampuni Imehonga

"Dada, sisi hatujatoa hata senti. Ni wakala."

Nimeambiwa hivyo tena Jumanne, safari hii na meneja mauzo aliyesaini mwongozo wetu wa maadili na kubandika cheti cha mafunzo ukutani. Ni mtu mwema, na aliamini kabisa alichokisema. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kazi yangu ni maadili na uzingatiaji wa sheria katika tawi la kampuni ya kimataifa hapa Dar es Salaam. Zinatubana sheria tatu kwa pamoja: yetu ya kuzuia rushwa ya 2007, ya Marekani ya 1977 na ya Uingereza ya 2010. Hiyo ya mwisho ina kifungu cha 7, na hicho ndicho wenzangu hawataki kukisoma. Hakiulizi kama bosi alijua. Kampuni yenye shughuli Uingereza ina kosa pale yeyote anayeifanyia kazi, awe mwajiriwa, wakala au kampuni tanzu, anapohonga ili kuipatia biashara. Itajitetea tu kwa kuthibitisha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia.

Na kesi ya kwanza ya kifungu hicho kumalizwa na wachunguzi wa Uingereza ilitoka hapa hapa kwetu. Serikali ya Tanzania ilitaka kukopa dola milioni 600. Standard Bank ya London na benki dada yake, Stanbic Tanzania, ziliiomba kazi hiyo ya kuutafuta mkopo kwa ada ya asilimia 1.4. Baadaye ada ikapanda hadi 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa "mshirika wa ndani" ambaye wachunguzi hawakuona kazi yoyote aliyoifanya. London ilitegemea uchunguzi wa Dar kuhusu mshirika huyo, haikuuliza maswali yake yenyewe. Novemba 2015 benki ya London ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 25 kwa Uingereza, na kama milioni 7 nyingine kuirudishia Tanzania. Haikushtakiwa kwa kuhonga. Ilishtakiwa kwa kushindwa kuzuia.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza kichwa. Nikisema "mchunguzeni wakala", naletewa faili: cheti cha usajili, TIN, leseni, barua ya benki. Vyote safi. Mpokea bahasha gani wa siku hizi hana TIN? Karatasi zinathibitisha kwamba kampuni ipo. Hazisemi inafanya nini. Mimi nataka kujua asilimia anayolipwa ni ya kazi gani, nani aliiona ikifanyika, na kwa nini sisi wenyewe tusingeweza kuifanya. Ankara yenye mstari mmoja, "uratibu" au "ufuatiliaji", siipitishi hata ikiwa na mihuri kumi. Tena nauliza nani alimleta. Wakala aliyependekezwa na ofisi ileile inayotoa tenda ni wa kusimamisha hapo hapo, hata kama tarehe ya kufunga tenda ni kesho. Hapo ndipo watu wa mauzo wananinunia, na wana haki ya kununa, lakini siondoki.

Kuhusu hela ya kusukuma faili: sheria ya Marekani imeacha upenyo mdogo, ya Uingereza na yetu hazikuacha. Sera yetu inafuata iliyo kali.

Nikiri yanayonisumbua. Kontena likikwama bandarini, mimi ndiye ninayesema "hakuna kutoa kitu", lakini gharama za hifadhi zinamwangukia meneja wa kiwanda, na yeye ndiye anayeulizwa kwa nini mashine zimesimama. Isitoshe, kampuni mama inanituma nifundishe maadili Jumatatu, na Ijumaa inashusha lengo la mauzo ambalo kila mtu ofisini anajua halifikiki kwa njia iliyonyooka. Sijui semina inayoweza kuishinda bonasi. Makao makuu nimewaandikia hivyo kwa maneno haya haya, na bado nasubiri jibu.

Katika suala la Stanbic, sehemu kubwa ya zile dola ilitolewa taslimu ndani ya siku chache. Waliopaza sauti walikuwa wafanyakazi wa benki hiyo hapa Tanzania, walioona fedha zikitoka kwa namna isiyo ya kawaida. Suala likapanda hadi London, na Aprili 2013 benki ikajiripoti yenyewe.

Simu yetu ya siri ya kuripoti rushwa haijaita kwa miezi minne, na nimepongezwa kwa hilo. Nimeacha kuisubiri. Siku hizi nazungukia meza za wahasibu wanaolipa ankara, nawauliza ni ipi iliyowafanya wasite kabla ya kusaini. Juzi mmoja aliinuka kwanza akafunga mlango, kisha akavuta droo.