Pampu kubwa haiongezi nguvu ya injini

Ukitafuta spea za gari kuukuu pale Kisekka, Kampala, hukosi wa kukuambia kuwa pampu ya mafuta yenye presha kubwa huipa injini nguvu. Sivyo. Injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kama ya Peugeot 504 nyingi, huvuta petroli kutoka bakuli dogo la kabureta. Pampu hulijaza tu. Kabureta nyingi hutosheka na presha ya psi 3 hadi 5 hivi.

Ukifunga pampu ya injeksheni, yaani ya injini zinazopuliziwa petroli bila kabureta, yenye psi 40 na zaidi, sindano inayosukumwa na boya ili kufunga petroli bakuli likijaa hushindwa kuziba. Petroli hufurika, plagi huwa nyeusi, na ikidondokea ekzosi ya moto, gari laweza kuteketea. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mwombe fundi apime presha kwa geji kabla ya kulipia.