GPA ya Chini na Maombi ya Uzamili wa Unasihi Marekani

Mhitimu mwenye GPA (wastani wa alama za chuo, Marekani huhesabiwa kwa kipimo cha 4) ya 2.5 akisoma kwenye tangazo la uzamili wa unasihi (ushauri nasaha) kwamba chuo kinataka 3.0, mara nyingi hafungui hata fomu. Anajinyima nafasi mapema mno.

Shahada ya kwanza Marekani huwa na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zipatazo 120. Tuseme umemaliza na 2.5, kisha ukarudi darasani ukachukua masomo manne ya krediti tatu tatu na kupata A zote. Wastani wa jumla utapanda hadi 2.64 tu. Wengi wakiona hivyo hudhani wamepoteza ada bure. Hawajapoteza. Hizo A nne, hasa zikiwa za takwimu, saikolojia ya makuzi au magonjwa ya akili, husomwa peke yake, na zinamwonyesha mwanafunzi wa leo, si yule aliyeyumba mwaka wa kwanza. Baadhi ya vyuo hukokotoa pia wastani wa krediti 60 za mwisho. Kama uliinuka baadaye, tafuta vyuo hivyo kwanza.

Unasihi, zaidi ya fani nyingine nyingi, humtazama mtu mwenyewe. CACREP, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za unasihi nchini humo tangu 1981, katika viwango vyake vya 2016 kilizitaka kamati za udahili zipime mambo manne: malengo ya kazi, uwezo wa kusoma ngazi ya uzamili, uwezekano wa kujenga uhusiano mzuri na mteja, na heshima kwa tamaduni za wengine. GPA inagusa moja tu. Aliyejitolea kupokea simu za watu walio katika dhiki, au aliyewakalimania wakimbizi wa Kongo kliniki, ana ushahidi wa hayo mengine, mradi msimamizi wake auandike kwa mifano.

Katika barua yako, alama mbaya zipe sentensi tatu: kilichotokea, kilichobadilika, na matokeo yanayothibitisha. Usimwage msiba wote wa maisha yako. Kamati inataka kujua kama utaweza kukaa na maumivu ya mtu mwingine bila ya kwako kuchukua nafasi yake.

Kwa waliosoma Tanzania, kumbukeni GPA yetu ni ya 5 na yao ni ya 4. Hivyo 3.2 ya hapa, daraja la pili la chini, si 3.2 ya kule. Usijigeuzie mwenyewe, chuo kitakuambia kinakubali tathmini ya wakala gani wa kulinganisha vyeti vya nje, kwa mfano WES.

Jihadhari na programu inayompokea kila anayelipa. Bila ithibati inayotambuliwa na bodi ya leseni ya jimbo unalotaka kufanyia kazi, unaweza kumaliza krediti 60 na usiruhusiwe kuona wateja.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, iandikie ofisi ya udahili uulize mambo mawili: je, 3.0 ni sharti au ni kiwango wanachopendelea? Na je, wanadahili kwa masharti, yaani mtu aanze kisha athibitishwe akipata wastani wa B muhula wa kwanza?