Majarida ya maktaba ya chuo: maneno ya koridoni na hesabu za mezani

Ikikaribia Oktoba, wachapishaji wa majarida ya kitaaluma huanza kutuma profoma, yaani ankara za awali, za mwaka unaofuata. Hapo ndipo maneno yanapoanza kwenye maktaba ya chuo hapa Tabora: mkuu wa idara ana lake, mhasibu ana lake, na mwanafunzi naye hakosi la kusema. Nimeyasikia miaka mingi kiasi kwamba nayajibu huku nikipanga vitabu rafuni.

"Siku hizi kila kitu kipo Google."

Kilichopo mara nyingi ni kichwa cha makala na muhtasari wake. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mwenyeji wa Urambo, alinijia na simu mkononi. "Shikamoo mzee. Nimeipata makala ya udongo wa mashamba ya tumbaku, ila wanataka dola 35." Marahaba, nikamwambia, na usilipe kwanza. Nikafungua Unpaywall, kiprogramu cha bure kinachokaa kwenye kivinjari. Kikatuonyesha makala ile ile, mwandishi ameiweka kihalali kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chake. Binti hata kiti alikuwa hajakalia. Tungeikosa, tungemwandikia mwandishi baruapepe. Wengi hutuma bila maringo, maana katika hizo dola 35 wao hawapati hata senti.

"Bei ni kubwa kwa sababu waandishi wanalipwa."

Hapa watu hushtuka. Mtafiti anaishi kwa mshahara wa chuo chake au fedha za wafadhili. Jarida halimlipi makala yake. Wasomi wanaoikagua kabla haijachapishwa nao kwa kawaida hufanya hivyo bila malipo. Sisemi mchapishaji amekaa tu: kuna uhariri, kuna mitambo, kuna kuhifadhi. Lakini malighafi ameletewa mlangoni. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa viumbe katika Ziwa Tanganyika. Ziwa ni hilo hilo ambalo wavuvi wa Kigoma wanalivua dagaa na migebuka, na jarida lenyewe ni la kulipia.

"Vyuo vya wenzetu havina shida hii."

Mwaka 2012 baraza la ushauri la wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, liliwaandikia wenzao kwamba majarida ya wachapishaji wakubwa yanakigharimu chuo karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haibebeki. Chuo Kikuu cha California kiliachana na mkataba wa kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2019, kikarudiana nayo mwaka 2021 kwa masharti mengine. Kama Harvard wanalia, sisi tukiuliza bei hatujamkosea mtu heshima.

"Kifurushi kikubwa ndiyo nafuu."

Hili ndilo linalokula fedha. Muuzaji anakuja na majarida mamia kwa mkupuo, anagawa bei kwa idadi, na kila moja linaonekana la bei ya karanga. Mkuu wa idara anafurahi kwa wingi wa majina. Mimi nauliza nani anayasoma.

Wachapishaji wengi hutoa takwimu za matumizi kwa utaratibu unaoitwa COUNTER: kila jarida, makala zake zimefunguliwa mara ngapi. Tuseme jarida moja ni dola 1,200 kwa mwaka, na makala zake zimefunguliwa mara sita. Kila kufungua kumetugharimu dola 200, wakati makala hiyo ukiinunua moja moja ni dola 35 hivi. Jarida jingine la dola 3,000 limefunguliwa mara 1,500, yaani dola mbili kila mara. La pili ndilo la bei nafuu, ingawa ukisoma profoma peke yake utaanza kulikata hilo.

Kuna tahadhari. Jarida la idara yenye wanafunzi wachache halitafikia namba za jarida la uuguzi, kwa hiyo kabla sijakata huwa nakaa na mhadhiri mwenyewe. Na namba ndogo wakati mwingine maana yake ni kwamba hakuna aliyewaambia wanafunzi kuwa jarida lipo. Hilo ni kosa letu wa maktaba.

"Cha bure ni cha wizi, au hakina ubora."

Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo, ilianza na Hinari ya afya mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, ikafuata AGORA ya kilimo mwaka 2003, na leo ina makusanyo matano. Wachapishaji wenyewe ndio wanaotoa majarida yao humo, na taasisi za Tanzania haziyalipii. Inayojisajili ni taasisi. AJOL, tovuti iliyoanza mwaka 1998, imekusanya majarida ya Afrika, yakiwemo ya kwetu. Orodha ya DOAJ nayo ina maelfu ya majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bure, yaliyochujwa. Majarida ya kitapeli yapo kweli, yale yanayochukua ada ya mwandishi na kuchapa chochote, ila ya kulipia nayo yana makala mbovu.

Maktaba moja niliyowahi kufanya kazi ililipia jarida la afya ya jamii miaka miwili mfululizo huku tukilipata lile lile kupitia Hinari. Hakuna aliyelinganisha orodha mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja.

"Tukikata, tunapoteza hata tulivyolipia."

Inategemea mkataba. Tafuta kipengele cha haki ya kudumu kwa matoleo uliyokwisha kulipia. Kama hakimo, kidai kabla ya kusaini. Kuna mtandao wa maktaba za vyuo na utafiti nchini, COTUL, unaojadiliana na wachapishaji kwa pamoja. Aliye peke yake huambiwa bei ya peke yake.

Na mhasibu nimwambie moja. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai, majarida mengi huhesabiwa Januari hadi Desemba, na bei ni za dola au pauni. Bajeti ya shilingi iliyopitishwa Juni inakutana na profoma miezi minne baadaye, shilingi ikiwa imeyumba. Kwa hiyo Mei, kabla bajeti haijafungwa, nampelekea karatasi moja yenye safu nne: jina la jarida, bei, limefunguliwa mara ngapi, na kama lipo bure kwingine. Mwaka wa kwanza aliirudisha akisema haina muhuri.