Musherekha: munyu wa majivu unaolainisha mboga

Musherekha ni maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea, ambayo hutiwa katika mboga za kienyeji ili zilainike na ukali wake upungue. Waluhya wa Kakamega, Vihiga na Bungoma huuita munyu, na kwa kuwa munyu ni chumvi, mgeni hudhani ni chumvi ya aina nyingine tu. Sivyo. Pika mrenda kwa musherekha peke yake: utalainika vizuri sana, na bado utaitisha chumvi mezani.

Chumvi ya mezani ni kloraidi ya sodiamu, nayo kazi yake ni ladha. Majivu ya mimea yana kaboneti ya potasiamu, ambayo huyeyuka kwa urahisi katika maji na kuyafanya kuwa alkali. Alkali hiyo ndiyo inayofanya kazi sufuriani.

Maganda makavu ya maharagwe ndiyo yanayopendwa zaidi. Baada ya kupura, huanikwa yakauke kabisa kisha huchomwa. Wengine hutumia maganda ya ndizi au magunzi ya mahindi. Kitu kimoja hakina mjadala: pasichomwe pamoja nayo plastiki wala mbao zilizopakwa rangi, maana sumu yake itaingia kwenye chakula. Majivu yakipoa hujazwa ndani ya chungu au mkebe uliotobolewa vitundu chini, unawekwa juu ya chombo kingine, halafu maji yanamwagwa kidogo kidogo. Yanayotona chini yana rangi ya chai ya strungi. Matone ya kwanza ndiyo makali; kadiri unavyoongeza maji juu ya majivu yaleyale, ndivyo musherekha unavyozidi kuwa mwepesi. Kwa hiyo chupa mbili ulizonunua sokoni, hata kwa mama mmoja, zinaweza kutofautiana nguvu. Muulize alichoma nini na kama ni maji ya kwanza. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika.

Sasa jikoni. Maji yakichemka, tia musherekha kidogo kwanza, kisha majani. Alkali hudhoofisha kuta za chembe za majani, ndiyo sababu majani ya kunde yaliyokomaa, ambayo yangekuwa magumu kama yangechemshwa kwa maji matupu, hulainika upesi. Pia huzuia kijani kisigeuke kuwa kahawia, kwa kuwa ni asidi inayoharibu rangi ya majani yakiwa motoni. Mrenda nao unakuwa na ule mvutano unaoshikana vizuri na tonge la ugali. Usifunike sufuria, kwa sababu povu hupanda ghafla na kumwagika. Nyanya zisubiri hadi mwisho au zikaangwe kando: asidi yake huua nguvu ya musherekha.

Wengi mjini Kisumu, wakikosa musherekha, hutumia magadi. Magadi pia ni alkali, ila ni ya sodiamu na huchimbwa ardhini, hasa Ziwa Magadi kule Kajiado. Kazi zinafanana, lakini usipime kijiko kwa kijiko, kwa kuwa magadi ni mawe au unga na musherekha ni maji. Kwa maoni yangu magadi ni ya dharura. Musherekha uliotengenezwa vizuri una ladha laini zaidi, na malighafi yake ni mabaki ya shamba lako mwenyewe.

Chochote kati ya hivyo viwili kikizidi, mboga huwa na ladha ya sabuni na majani husagika kuwa uji. Kuna hasara nyingine ambayo macho hayaioni: alkali huharibu vitamini C na vitamini B1, tena zaidi mboga ikikaa motoni muda mrefu. Anza na kijiko kimoja cha mezani kwa sufuria ya familia, onja, uongeze ukihitaji. Mboga ikishalainika, epua.

Mgonjwa wa figo asiutumie musherekha bila kumuuliza daktari wake, kwa kuwa figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu iliyozidi, na ikijaa katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Uhifadhi kwenye chupa ya kioo au ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto. Usiuweke kwenye chombo cha alumini, maana hukila.