Kanga hawamalizwi na mwewe

Ukikaa na wawindaji wa Liwale au Nachingwea, huku Lindi kusini mwa Tanzania, lawama ni zilezile: kanga na kwale wamepungua kwa sababu mwewe na nguchiro wamezidi. Si kweli. Ndege hawa wameishi na mwewe tangu enzi na enzi.

Tazama kiota. Kanga hulala mtini lakini hutaga chini: jike huparua ardhi kidogo penye nyasi ndefu, akataga kwa kawaida mayai 6 hadi 12, kisha huatamia karibu wiki 4. Hayo hufanyika msimu wa mvua, wakati uleule tunapofyeka pori kupanda ufuta. Nyasi zikiondoka, mayai yanabaki peupe, na nguchiro hana hata haja ya kutafuta. Tunamwona yeye, panga letu hatulioni.

Vifaranga nao wiki za mwanzo wanataka wadudu zaidi kuliko punje. Moto wa Septemba hufagia vichaka wanavyojifichia wakubwa. Na mitego ya kamba (wenye nayo wanajijua) hunasa jike na dume bila kuchagua. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na mwewe naye yumo katika ulinzi wa sheria hiyo.