Mfuniko wa oili ya injini: kazi yake ni nini na lini uubadilishe

Fungua boneti uangalie juu ya injini, kwenye tapeti kava, kuna mfuniko, mara nyingi wa plastiki nyeusi, una alama ya kikopo cha oili na wakati mwingine umeandikwa kabisa aina ya oili, kama 5W-30. Hapo ndo pa kuongezea oili. Wengi wanauchukulia ni kizibo tu cha kuzuia vumbi, ila kazi yake ni kubwa kuliko hiyo.

Injini ikiwa inazunguka kuna gesi zinapenya pembeni ya ringi za pistoni zinashuka chini kwenye oili, halafu valvu inayoitwa PCV inazivuta zirudi zikaungue. Huo mzunguko unataka injini iwe imezibwa vizuri. Mfuniko ukilegea au mpira wake ukikakamaa, hewa ambayo sensa haijaipima inaingia, basi gari inakosa sailensi, yaani injini haitulii ukiwa hujakanyaga mafuta, nyingine inawasha taa ya cheki injini na wewe unaanza kubadilisha plagi bure. Na oili ikitapakaa ikadondokea kwenye eksozi yenye moto ni harufu, moshi, na inaweza hata kuwaka, hilo si la kuchukulia poa.

Kuukagua, zima gari, subiri ipoe kidogo, fungua, ugeuze uangalie chini. Oili ya kahawia au nyeusi ni kawaida. Ukikuta utando mzito rangi ya chai ya maziwa usikimbilie kushusha sailenda hedi, maana sehemu za baridi kama Njombe au Limuru gari ya safari fupi fupi haipati moto wa kutosha, unyevu unaganda pale. Futa, piga safari ndefu, angalia tena. Ila kama na kijiti cha kupimia kina rangi hiyo hiyo na maji ya rejeta yanapungua, hapo gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, ndo ya kushukiwa kwanza, na gari usiiendeshe mpaka fundi aione.

Kingine, binya ule mpira kwa kidole. Ukiwa mgumu, umepasuka au umekuwa bapa, umeisha. Kwenye gari nyingi mpira unauzwa peke yake, ila kama plastiki imepasuka au meno yamelika chukua mfuniko mzima, na uende nao ule wa zamani duka la spea maana kuna wa kuzungusha mara nyingi na kuna wa robo mzunguko, kwa macho unaweza kudhani ni sawa.

Umepotea njiani? Tafadhali usizibe na kitambaa, kinaweza kuzama ndani kikanaswa na cheni inayozunguka ndani ya injini.

Kuufunga mpya, futa mdomo wa tundu, paka mpira oili kidogo, kaza kwa mkono mpaka ugote, plaizi weka pembeni. Safisha oili iliyomwagika pale juu, ukishatembea siku chache pitisha kidole kuzunguka mfuniko, pawe pakavu.