Mkataba wa kijamii ni wa nani na nani?

Maji yakikatika wiki mbili au barabara ikigeuka mashimo, hakosi mchambuzi wa kusema redioni kwamba "serikali imevunja mkataba wa kijamii na raia wake." Malalamiko yenyewe huenda ni ya haki kabisa. Kosa liko kwenye yale maneno mawili, "na raia".

Maana yake kwa ufupi: mkataba wa kijamii ni hoja ya kueleza kwa nini mtu aliyezaliwa huru awajibike kutii mamlaka. Jibu lake ni kwamba mamlaka halali hutokana na ridhaa ya watu wenyewe, wala si damu ya kifalme au makali ya upanga. Wanafalsafa watatu walioandika vitabu juu ya hoja hii, Thomas Hobbes (1651), John Locke (1689) na Jean-Jacques Rousseau (1762), wanapingana karibu katika kila jambo, ila hapo wanakutana.

Kilichotupoteza, kwa sehemu, ni neno lenyewe. Mkataba umetoka kwenye mzizi wa Kiarabu k-t-b, kuandika. Ni ukoo mmoja na kitabu, katiba, katibu na maktaba. Ukilisikia unaona karatasi, sahihi na pande mbili, kama mwenye nyumba na mpangaji wake. Neno jamii nalo tumelizoea katika huduma za jamii na ustawi wa jamii, basi mkataba wa kijamii unasikika kama mkataba wa kuletewa zahanati. Contrat social, maneno ya Kifaransa aliyotumia Rousseau, yana asili tofauti. Kwa Kilatini socius ni mshirika, mbia, na katika sheria za Roma societas ilikuwa ubia uliofungwa kwa kukubaliana tu, bila maandishi. Laiti tungesema mapatano ya ushirika, nusu ya mkanganyiko huu usingekuwepo. (Na raia? Asili yake ya Kiarabu inahusu pia mifugo inayochungwa. Mkataba wa mchungaji na mbuzi wake, basi.)

Fikiria upatu. Watu kumi wanakubaliana kila mmoja atoe 20,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja apokee 200,000. Nani amemwahidi nani? Kila mchezaji amefungana na wenzake tisa; ukihesabu jozi zote utapata 45, na hakuna hata moja inayopita kwa kijumbe kwa cheo chake cha ukijumbe. Huyo anateuliwa baadaye, ashike fedha na daftari. Akila hela mnamtoa, mnaweka mwingine, na mchezo unaendelea, kwa sababu haukufungwa naye.

Kwa Hobbes ni hivyohivyo, tena kwa ukali. Kila mtu anamwambia jirani yake: naiacha haki yangu ya kujitawala nimpe huyu, kwa sharti kwamba nawe uiache yako. Mtawala haahidi kitu. Hobbes aliandika miaka michache baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa, 1649, katika vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe, na akahitimisha kwamba mtawala hawezi kuvunja mkataba ambao hakuufunga. Hitimisho chungu, lakini anayemtaja Hobbes ili kuishtaki serikali kwa kuvunja mkataba amemshika miguu juu. Locke anapanga mambo kwa hatua mbili: kwanza watu wanaungana kuwa jamii moja, kisha wanakabidhi madaraka kama amana, na amana ikitumiwa vibaya inarudi kwa wenyewe. Rousseau haachi nafasi ya ubishi. Sura ya 16 ya sehemu ya tatu ya kitabu chake inatangaza hata kwa kichwa chake kwamba kuanzishwa kwa serikali si mkataba. Viongozi kwake ni watu waliotumwa kazi.

Si ubishi wa maneno tu. Katika mkataba wa pande mbili, upande mmoja ukikosea, mwingine hupata udhuru. Serikali itasema: nyinyi hamlipi kodi, basi nasi hatudaiwi barabara. Mwananchi naye atasema: barabara hakuna, basi kodi silipi. Wote wawili wanamsahau jirani aliyelipa, ambaye ndiye aliyeahidiwa.

Soma dibaji ya Katiba ya Tanzania ya 1977: "Kwa kuwa sisi, Wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, tumeamua rasmi na kwa dhati…" Wanaoamua hapo ni wananchi peke yao. Serikali inaambiwa katika ibara ya 8 kwamba itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwao.

Mapatano ya mtawala na watawaliwa yapo pia, na ni makongwe kuliko Hobbes; Magna Carta ya 1215, kati ya Mfalme John na makabaila wake, ni ya aina hiyo. Huo tuuite mkataba wa utawala. Na maji yakikatika tena, inatosha kusema serikali imevunja ahadi, au, kwa kumfuata Locke, imekula amana. Hilo la pili lina makali zaidi, kwani aliyekabidhiwa amana hawezi kumgeukia mwenye mali na kusema, "hata wewe hukutimiza upande wako."